Nani Hupanga Bei ya Jina Lako la Mtandaoni?

Jumamosi moja nilikuwa soko la Kariokor, kwenye kibanda cha kikundi cha akina mama wanaosuka na kuuza vyondo. Mweka hazina wao alinipa simu yake nimsomee ujumbe. Jina la tovuti yao, linaloishia kwa .org, lilikuwa limefika tarehe ya kulipiwa, na wakala aliyewasajilia alikuwa anataka shilingi 2,400. Mwaka wa kwanza walikuwa wamelipa 900.

“Mwanangu, jina ni lile lile,” akaniambia. “Hatujaongezewa hata herufi moja. Hizi zingine ni za nini?”

Alipompigia simu wakala, alijibiwa kwa maneno mawili: ICANN wamepandisha.

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi hapa Nairobi, kwa wenye maduka, makanisa, shule za chekechea, hata kwa vijana wanaojenga tovuti kwa riziki. Mara nyingi si kweli. Hutolewa kwa sababu mteja hajui ICANN ni nani (ni shirika la Marekani linalosimamia majina ya mtandaoni, tutalifikia), na ukishaambiwa bei imetoka ng'ambo, unalipa na kunyamaza. Nataka tuifungue bei hiyo tuone kila shilingi inakwenda wapi. Kisha tufike mahali ambapo kinga yako ilipaswa kuwepo, kwenye mkataba ambao hukuwahi kuuona wala kuutia sahihi.

Tuanze chini kabisa. Kila kompyuta iliyo kwenye intaneti hutambulika kwa namba. Kwenye simu yako huikariri namba ya muuza mboga wako. Umeandika “Mama Mboga” na simu inajua imtafute nani. Jina la kikoa hufanya kazi hiyo hiyo kwa tovuti na barua pepe. Herufi za mwisho, yaani .com, .org au .ke, tuziite kimalizio.

Majina yote ya kimalizio kimoja huandikwa kwenye daftari moja tu duniani. Lazima liwe moja, la sivyo watu wawili wangejikuta na jina lile lile. Anayeshika daftari hilo nitamwita mtunza daftari. Daftari la .com liko mikononi mwa kampuni ya Marekani iitwayo Verisign. La .org linashikwa na shirika la Public Interest Registry, lililoanzishwa na Internet Society mwaka 2002. La .ke linashikwa na KeNIC, hapa hapa Nairobi.

Wewe huendi kwa mtunza daftari moja kwa moja. Unaenda kwa wakala, naye anakuandikisha. Aliyewahi kununua ploti anaujua mpangilio huu. Mawakili wa kukushughulikia uhamisho wa ardhi wamejaa mjini, na ukichoshwa na mmoja unamwendea mwingine. Lakini hati yako iko kwenye sajili moja ya serikali, na hakuna sajili ya pili utakayoikimbilia ukiona ada imezidi.

Juu ya watunza daftari wa vimalizio vya kimataifa kuna ICANN, shirika lisilo la faida lililoundwa mwaka 1998 huko California. ICANN ndiyo inayotiliana mkataba na Verisign, na Public Interest Registry, na wengine wote wa aina hiyo. Pia huwapa idhini mawakala. Si chombo cha mbali kama wengi wanavyodhani: Machi 2010 ilifanya mkutano wake mkuu katika ukumbi wa KICC hapa Nairobi, na tangu 2016 ina ofisi jijini humu.

Sasa turudi kwenye zile 2,400.

Ada ambayo ICANN humtoza wakala kwa kila jina, kwa kila mwaka, ilikuwa senti 18 za dola kwa miaka mingi, ikapandishwa hadi senti 20 Julai 2025. Kwa pesa zetu hizo ni kama shilingi 26. Nyongeza yenyewe haifiki shilingi tatu. Mtunza daftari naye huipa ICANN senti kadhaa, lakini hizo zimo ndani ya bei anayomuuzia wakala. Kwa hiyo mtu anayekwambia ankara imeruka kutoka 900 hadi 2,400 kwa sababu ya ICANN hajaeleza hata sehemu ndogo ya tofauti hiyo.

Kilichowapata akina mama wa Kariokor ni kwamba 900 ilikuwa bei ya kumvutia mteja mpya. Wakala huuza mwaka wa kwanza kwa bei ya chini, wakati mwingine chini ya ile anayonunulia yeye mwenyewe, akijua mwaka wa pili hutaondoka. Juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 16, na faida yake ambayo hakuna mkataba wa ICANN unaoiwekea kikomo. Hiyo si haramu. Ila bei ya kulipia upya inafaa kuandikwa wazi siku ya kwanza, tena kwa herufi kubwa kama zile za ofa.

Halafu kuna dola. Januari 2024, dola moja ilipokaribia shilingi 160, bei ya jumla ya .com, ile wakala anayomlipa mtunza daftari, ilikuwa dola 9.59, yaani kama shilingi 1,530. Septemba mwaka huo Verisign wakapandisha hadi dola 10.26, lakini shilingi yetu ilikuwa imepata nguvu hadi kama 129, kwa hiyo wakala akawa analipa kama 1,320. Bei ilipanda Marekani na ikashuka Nairobi. Sikumbuki ankara hata moja iliyoshuka.

Hadi hapo ni mambo ya wakala, na wakala unaweza kumwacha. Shida yenyewe iko ngazi moja juu.

Kwa nini hung'oki

Nilishika kiondo kimoja pale kibandani. Ndani ya mdomo wake, karibu na mshipi wa ngozi, kimeshonwa kitambaa cheupe cha upana wa vidole viwili. Juu yake kuna jina la kikundi na anwani ya tovuti kwa uzi mweusi. Mweka hazina aliniambia vitambaa hivyo waliagiza elfu moja mara moja, kwa sababu fundi wa River Road hakubali oda ndogo. Vyondo vilivyokwisha kuuzwa viko majumbani kwa watu Ujerumani, Japani na Mombasa, na kila kimoja kinaita mteja arudi kwenye anwani ile.

Mtu mgeni katika jambo hili atauliza: bei ya .org ikiwa kali, si wahamie kimalizio kingine? Siku ya kusajili, hilo ni swali zuri. Kuna vimalizio zaidi ya elfu moja, na watunza daftari wanakugombania. Lakini ukishalitumia jina miaka mitano, ushindani huo haukufai. Anwani iko kwenye vitambaa, kwenye bango, kwenye barua pepe ya benki na ya wafadhili. Kuhama maana yake ni kuanza upya, na jina uliloliacha linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine akapokea wateja wako.

Thamani ya jina, basi, inatokana na jasho la mwenyewe. Mtunza daftari hakusuka kiondo hata kimoja. Lakini yeye ndiye anayeweza kusema “mwakani ni mara mbili”, na wewe ukalipa. Kinachomzuia, kama kipo, ni kifungu cha bei katika mkataba wake na ICANN. Ndiyo maana nakihesabu kifungu hicho kuwa kinga ya mtumiaji, ingawa wengi hukiona ni maneno ya wanasheria.

Tazama .com. Zamani, kati ya 1995 na 1999, kampuni moja tu ndiyo iliyosajili, na hadi 1998 ulilipa dola 100 kwa miaka miwili ya kwanza. ICANN ilipotenganisha utunzaji wa daftari na kazi ya wakala, bei ya jumla ilishuka hadi dola 6 mwaka 2000. Kuanzia 2012 ilifungwa kwenye dola 7.85 na makubaliano kati ya Verisign na serikali ya Marekani. Mwaka 2018 kufuli hilo lilifunguliwa: Verisign wakaruhusiwa kupandisha hadi asilimia 7 kwa mwaka, katika miaka minne ya mwisho ya kila kipindi cha miaka sita. ICANN ikaingiza ruhusa hiyo kwenye mkataba wake mwaka 2020. Kuanzia Septemba 2021 wakapandisha miaka minne mfululizo: 8.39, 8.97, 9.59, 10.26.

Je, ni gharama iliyopanda? Mwaka 2023 Verisign walipata mapato ya karibu dola bilioni 1.5, na baada ya kutoa gharama za uendeshaji walibaki na karibu bilioni 1. Chukua kila shilingi mia moja iliyowafikia Verisign. Takriban 67 zilibaki kuwa faida kabla ya kodi. Kwa kulinganisha, India ilipotangaza zabuni ya kuendesha mitambo ya daftari la .in mwaka 2018, mshindi alikubali kufanya kazi hiyo kwa senti 70 za dola kwa jina kwa mwaka. Najua .com ni kubwa mno, ina majina zaidi ya milioni 150, na hushambuliwa usiku na mchana. Lakini ukubwa kwa kawaida hushusha gharama ya kila kimoja. Muuza unga wa jumla wa Nyamakima anaweza kukueleza hilo bila kikokotoo.

Zabuni ya namna ya India haipo kwa .com. Mkataba wake hujirudia wenyewe muda ukiisha, ila mtunza daftari akivunja masharti makubwa na kushindwa kurekebisha. Kwa hiyo hakuna mpinzani anayeweza kusimama na kusema “mimi nitaifanya kwa bei nafuu”. Penye mshindani, bei hushushwa na mshindani. Pasipo na mshindani, kinachobaki ni kikomo kilichoandikwa. Kuondoa vyote viwili kwa pamoja ni kumwacha mwenye jina bila mtetezi, na hapo mimi nasema hapana.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa .org.

Mkataba wa zamani wa .org uliruhusu nyongeza isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Mwaka 2019 ICANN ilipendekeza kukiondoa kikomo hicho kabisa, kwa hoja kwamba vimalizio vipya havina kikomo, hivyo afadhali mikataba yote ifanane. Watu walialikwa kutoa maoni. Yalifika zaidi ya 3,000, karibu yote yakipinga. Baadhi yalitoka kwa mashirika yasiyo ya faida. Tarehe 30 Juni 2019 mkataba ukatiwa sahihi bila kikomo.

Haikupita nusu mwaka. Novemba mwaka huo ikatangazwa kwamba Public Interest Registry itauzwa kwa kampuni ya uwekezaji, Ethos Capital, kwa dola bilioni 1.135. Watu waliunganisha mambo mawili haraka: daftari la mashirika yasiyo ya faida linakwenda kwa wanaotafuta faida, na kikomo cha bei ndiyo kwanza kimeng'olewa. Mwanasheria mkuu wa California aliiandikia ICANN akiitaka ikatae. Aprili 30, 2020, ICANN ikakataa, na .org ikabaki ilipokuwa. Lakini kikomo hakikurudi. Wakala mmoja mkubwa, Namecheap, aliipeleka ICANN mbele ya jopo huru la uamuzi, na mwishoni mwa 2022 jopo likaona kwamba ICANN ilikiuka kanuni zake za uwazi katika kufikia uamuzi ule.

Wengine husema hofu ile ilitiwa chumvi kwa kuwa .org haijapaa bei. Mimi sitegemei wema wa aliyeko leo. Mkataba unaandikwa kwa ajili ya yule atakayekuja kesho na usiyemjua. Na kupaa bei si ndoto: mwaka 2017 kampuni ya Uniregistry ilitangaza kupandisha bei za baadhi ya vimalizio vyake vipya hadi kwa asilimia 3,000. Kuna waliokuwa wakilipa makumi machache ya dola wakaambiwa walipe mia tatu. Mkataba uliwaruhusu.

Kinga zilizobaki

Hata mkataba usio na kikomo una vifungu vinavyokusaidia, na ni aibu kwamba mawakala hawavitaji.

Kwanza ni taarifa. Mtunza daftari akitaka kupandisha bei ya kulipia upya, lazima atoe notisi ya siku 180. Kasoro yake ni kwamba notisi hiyo humwendea wakala. Asipokufikishia, utaijua siku ya ankara.

Cha pili kinahusiana na hicho, na ndicho ninachokipenda zaidi. Katika miezi hiyo sita jina linaweza kulipiwa kwa bei ya zamani, hadi jumla ya miaka kumi mbele. Miaka kumi ndiyo mwisho. Hapo tujibu pia dhana kwamba ukinunua jina limekuwa lako milele. Jina hukodishwa, kama kibanda cha soko. Aliyelipa miaka kumi ana amani ya miaka kumi.

Halafu kuna usawa. Mtunza daftari hawezi kukuona umefanikiwa, tovuti yako imejulikana, kisha akakupangia wewe peke yako bei ya juu wakati wa kulipia upya. Bei hiyo lazima iwe sawa kwa wote, isipokuwa kwa majina yaliyouzwa tangu mwanzo kama majina ya thamani ya juu na mnunuzi akaambiwa hivyo na kukubali. Kifungu hiki kinazuia upendeleo. Hakizuii kupandisha kwa wote.

Na ukisahau kulipa? Kwa vimalizio hivi vya kimataifa wakala lazima akukumbushe mwezi mmoja hivi kabla, tena wiki moja kabla, na mara nyingine baada ya muda kupita. Jina likishafutwa bado kuna siku 30 za kulikomboa, kwa ada kubwa, kisha siku tano za kusubiri kabla ya kuachiwa umma. Ukitaka kumhama wakala, ana siku tano za kukupa nambari ya siri ya kuhamishia, mradi jina lisiwe na zuio halali kama mgogoro, au siku 60 za mwanzo tangu kusajiliwa. Kumwambia mteja “jina haliwezi kutoka kwetu” ni uongo.

Kwa .ke mambo ni tofauti, na hapa ndipo watu huchanganya zaidi. ICANN haina mamlaka yoyote juu ya bei ya .co.ke au .or.ke. Vimalizio vya nchi hupangwa nyumbani. Cha kwetu kiliandikishwa mwaka 1993, na KeNIC ilikichukua baada ya kuundwa mwaka 2002, ikiwa shirika lisilo la faida lenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Malalamiko ya bei ya .ke yapelekwe huko, na faida yake ni kwamba unaweza kufika kwa matatu. Kwa mtu anayeuza hapa hapa nchini, ningemshauri aanze na .co.ke bila kusita.

Wengine wamekimbilia vya bure. Vijana wengi wa vyuo walijenga tovuti zao za kwanza kwenye .tk, .ml au .ga, vimalizio vya Tokelau, Mali na Gabon vilivyotolewa bila malipo na kampuni ya Freenom. Mwanzoni mwa 2023 kampuni hiyo ilisitisha usajili mpya, Machi ikatangazwa kwamba Meta imeishtaki, na Juni Gabon ikachukua .ga yake, maelfu kwa maelfu ya majina yakafutwa. Mwenye jina la bure hakuwa na mkataba wa kushika.

Nilipomaliza kumweleza mweka hazina haya, tulifungua lookup.icann.org kwenye simu yake tukaandika jina la kikundi. Taarifa za mwenye jina zilikuwa zimefichwa kwa sababu za faragha, lakini tulipoingia kwenye akaunti ya usajili tukakuta barua pepe ya wakala, si ya kikundi. Kwa maana hiyo, kila kumbusho lilikuwa likienda kwake. Akina mama walikaa kimya kidogo. Kisha mwenyekiti akasema tumwandikie hapo hapo.

Ilichukua barua tatu na simu nyingi kupata ile nambari ya kuhamishia, wiki tatu badala ya siku tano. Wakala mpya aliwaonyesha bei ya kulipia upya kabla ya kupokea hata senti. Kwa .com, Verisign wataruhusiwa tena kupandisha kuanzia Oktoba 2026, na wakitumia asilimia 7 zao zote bei ya jumla itafika karibu dola 13.45 kabla ya kipindi kuisha 2030. Kwa .org hakuna hesabu ya namna hiyo ya kupiga, kwa kuwa hakuna kikomo. Kikundi kikapiga kura na kulipia miaka mitano.

Kwenye daftari la chama, chini ya kodi ya kibanda na nauli ya kwenda Machakos kufuata mkonge, mweka hazina ameandika mstari mpya kwa kalamu nyekundu: jina la mtandao, limelipiwa hadi lini, na barua pepe ni ya nani.